Kutofautisha Spishi kwa Maumbile: Jinsi ya Kuchagua Njia ya Takwimu Inayofaa

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii utaweza:
(a) kueleza tofauti kati ya kulinganisha wastani wa makundi mawili na kutambua kiumbe mmoja mmoja;
(b) kuchagua njia ya takwimu kulingana na aina ya data;
(c) kukokotoa thamani ya t, kai mraba na kipimo cha utengano;
(d) kueleza ni wakati gani maumbile hayatoshi kutofautisha spishi.

1. Utangulizi

Mwanafunzi anapopewa jedwali la vipimo vya makundi mawili ya viumbe na kuulizwa kama ni spishi moja au mbili, mara nyingi hukimbilia fomula. Anakokotoa wastani, anapata thamani ya t, anailinganisha na jedwali, kisha anaandika: "Spishi ni tofauti." Hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa, na jibu likawa na kasoro. Sababu ni kwamba njia aliyoitumia hujibu swali jingine, si lile aliloulizwa.

Mada hii inakuonyesha namna ya kuanza na swali, kisha aina ya data, na fomula ikawa ya mwisho. Mfano wetu mkuu ni vipimo vya maua ya airisi vilivyokusanywa na mtaalamu wa mimea Edgar Anderson na kuchambuliwa na mwanatakwimu R. A. Fisher mwaka 1936. Data hizi zina maua 150, yaani 50 ya kila spishi: *Iris setosa*, *Iris versicolor* na *Iris virginica*. Kila ua lilipimwa sifa nne kwa sentimita: urefu wa sepali, upana wa sepali, urefu wa petali na upana wa petali. Mwishoni tutarudi kwenye mbu wa malaria wa Afrika Mashariki, ambako kukosea spishi kuna gharama kubwa.

2. Maswali mawili yasiyopaswa kuchanganywa

Swali la kwanza: *Je, wastani wa kundi A unatofautiana na wastani wa kundi B?* Hili ni swali la makundi. Hujibiwa kwa majaribio ya takwimu kama jaribio la t.

Swali la pili: *Nikiletewa kiumbe mmoja nisiyemjua, je, naweza kusema ni wa spishi A au B?* Hili ni swali la utambuzi. Hujibiwa kwa kuangalia ni kiasi gani vipimo vya makundi mawili vinaingiliana.

Fikiria wavulana na wasichana wa kidato cha nne. Ukipima urefu wa wanafunzi wengi utaona kwamba wastani wa wavulana ni mkubwa kuliko wa wasichana. Lakini ukiambiwa tu kwamba mwanafunzi fulani ana urefu wa sentimita 163, huwezi kusema kwa uhakika kama ni mvulana au msichana. Wastani unatofautiana, lakini vipimo vinaingiliana. Ndivyo ilivyo kwa spishi nyingi zinazofanana.

> KUMBUKA: Tofauti ya wastani inaweza kuwa ya kweli na bado isikusaidie kumtambua kiumbe mmoja.

3. Tambua kwanza aina ya data

Sifa za maumbile hugawanyika katika aina tatu.

(i) *Sifa za makundi.* Hizi hazipimwi kwa rula; kiumbe anayo au hana, au yuko katika kundi fulani. Mfano: rangi ya ua, kuwepo kwa mistari, umbo la jani.

(ii) *Sifa za kuhesabika.* Hizi huwa namba kamili. Mfano: idadi ya miiba ya pezi la mgongoni, idadi ya petali.

(iii) *Sifa za kupimika.* Hizi hupimwa kwa vipimo na huweza kuwa na desimali. Mfano: urefu wa bawa, uzito, upana wa petali.

Kwa sifa za makundi tumia kai mraba. Kwa sifa za kupimika ambazo grafu yake ina umbo la kengele, tumia jaribio la t kwa makundi mawili, au uchanganuzi wa varians kwa makundi matatu na zaidi. Kwa sifa za kuhesabika zenye namba chache, au za kupimika ambazo grafu yake imeegemea upande mmoja huku sampuli ikiwa ndogo, tumia majaribio yanayotegemea mpangilio wa vipimo kuanzia mdogo hadi mkubwa, kama jaribio la Mann-Whitney.

4. Angalia data kwa macho kabla ya kukokotoa

Chora histogramu au mstari wa namba, kisha weka nukta za kila spishi. Wakati mwingine kazi huishia hapo. Tazama urefu wa petali katika data za airisi:

- *Iris setosa*: sm 1.0 hadi 1.9
- *Iris versicolor*: sm 3.0 hadi 5.1
- *Iris virginica*: sm 4.5 hadi 6.9

Kati ya setosa na versicolor kuna pengo: hakuna ua lolote lenye petali ya urefu kati ya sm 1.9 na sm 3.0. Kwa maua haya kanuni moja inatosha: *petali ikiwa fupi kuliko sm 2.5, ni setosa*. Hapa huhitaji jaribio la t. Sifa yenye pengo ndiyo inayowekwa katika ufunguo wa utambuzi.

Mfano wa karibu nasi ni samaki wa Ziwa Victoria. Sato (*Oreochromis niloticus*) ana mistari ya wima kwenye pezi la mkia, na ngege (*Oreochromis esculentus*) hana mistari hiyo. Mvuvi huwatenganisha bila kikokotoo. Hata hivyo, spishi hizi mbili huweza kuzaliana na kutoa chotara, na chotara huvuruga hata sifa iliyokuwa wazi.

Rudi kwenye orodha ya petali. Versicolor inafika sm 5.1 na virginica inaanzia sm 4.5. Hapo hakuna pengo bali mwingiliano, na hapo ndipo takwimu zinapohitajika.

5. Jaribio la t na mipaka yake

Fomula ya sampuli mbili kubwa ni:

t = (wastani wa 1 − wastani wa 2) ÷ √(s₁²/n₁ + s₂²/n₂)

ambapo *s* ni mkengeuko sanifu na *n* ni idadi ya viumbe waliopimwa.

Mfano wa 1. Upana wa sepali wa versicolor una wastani wa sm 2.77 na mkengeuko sanifu 0.31. Wa virginica una wastani wa sm 2.97 na mkengeuko sanifu 0.32. Kila spishi ina maua 50. Je, wastani unatofautiana?

*Ufumbuzi.*
Nadharia tete ya kuanzia: hakuna tofauti kati ya wastani wa spishi hizi mbili.
Tofauti ya wastani = 2.97 − 2.77 = 0.20
s₁²/n₁ + s₂²/n₂ = (0.0961 + 0.1024) ÷ 50 = 0.00397
Kipeuo cha pili cha 0.00397 ni 0.063
t = 0.20 ÷ 0.063 = 3.2 (takriban)

Kwa digrii za uhuru 98, thamani ya jedwali katika kiwango cha 0.05 ni takriban 1.98. Kwa kuwa 3.2 ni kubwa kuliko 1.98, tunaikataa nadharia tete. Wastani unatofautiana.

Watahiniwa wengi huweka kalamu chini hapa. Lakini tazama kwa makini: tofauti ni sm 0.20 tu, ilhali maua ya spishi moja yenyewe hutofautiana kwa zaidi ya hapo. Thamani ya t imekuwa kubwa kwa sababu tumepima maua mengi. Ukiongeza *n*, kigawanyo kinapungua na t inakua, hata kama maua yenyewe hayajabadilika. Kwa hiyo t haikuambii kama sifa hiyo inafaa kwa utambuzi.

6. Kipimo cha utengano

Ili kujibu swali la utambuzi, tunagawa tofauti ya wastani kwa mkengeuko sanifu wa pamoja bila kuingiza *n*:

d = (wastani wa 1 − wastani wa 2) ÷ s ya pamoja

Sampuli zikiwa na ukubwa sawa, s ya pamoja = √[(s₁² + s₂²) ÷ 2].

Tukiweka mpaka katikati ya wastani mbili, na kama vipimo vina mgawanyo wa kawaida, tunaweza kukadiria ni viumbe wangapi kati ya 100 watapewa jina lisilo lao:

- d = 1: takriban 31 kati ya 100
- d = 2: takriban 16 kati ya 100
- d = 3: takriban 7 kati ya 100
- d = 4: takriban 2 kati ya 100

Mfano wa 2. Linganisha sifa nne za versicolor na virginica, kisha taja sifa bora kwa utambuzi.

| Sifa | versicolor: wastani (s) | virginica: wastani (s) | d | Makosa kati ya 100 |
|---|---|---|---|---|
| Upana wa sepali | 2.77 (0.31) | 2.97 (0.32) | 0.6 | 37 |
| Urefu wa sepali | 5.94 (0.52) | 6.59 (0.64) | 1.1 | 29 |
| Urefu wa petali | 4.26 (0.47) | 5.55 (0.55) | 2.5 | 10 |
| Upana wa petali | 1.33 (0.20) | 2.03 (0.27) | 2.9 | 7 |

*Ufumbuzi.* Tukichukua upana wa petali: s ya pamoja = √[(0.0400 + 0.0729) ÷ 2] = 0.238. Hivyo d = 0.70 ÷ 0.238 = 2.9. Ndiyo sifa yenye utengano mkubwa kuliko zote.

Sasa tazama upana wa sepali. Jaribio la t lilisema tofauti ipo, na ni kweli ipo. Lakini ukiitumia peke yake kutambua maua, utakosea takriban 37 katika kila 100. Mtu anayebahatisha kwa kurusha sarafu hukosea 50. Faida uliyopata ni ndogo sana.

7. Makundi matatu au zaidi

Ukiwa na spishi tatu, usifanye jaribio la t mara tatu kana kwamba ni jaribio moja. Katika kiwango cha 0.05 unakubali hatari ya 5% ya kudai tofauti isiyokuwepo. Ukifanya majaribio matatu, hatari hiyo inakusanyika na kukaribia 1 − 0.95³ = 0.14, yaani 14%.

Fanya kwanza uchanganuzi wa varians. Njia hii hulinganisha utofauti *kati ya* makundi na utofauti *ndani ya* makundi. Ikionyesha kwamba yapo makundi yanayotofautiana, ndipo unalinganisha mawili mawili kwa kiwango kikali zaidi. Njia rahisi ni kugawa 0.05 kwa idadi ya ulinganisho: kwa ulinganisho mitatu unatumia 0.05 ÷ 3 = 0.017.

8. Sifa za makundi: kai mraba

Mfano wa 3. Tuseme darasa limekusanya konokono 40 wa aina A na 40 wa aina B ufukweni. Aina A: 28 wana mistari, 12 hawana. Aina B: 14 wana mistari, 26 hawana. Je, kuwepo kwa mistari kunahusiana na aina?

*Ufumbuzi.*
Jumla ya wenye mistari = 42; wasio na mistari = 38; jumla kuu = 80.
Idadi inayotarajiwa katika kila aina: wenye mistari 42 ÷ 2 = 21; wasio na mistari 38 ÷ 2 = 19.
Tofauti ya kila kisanduku ni 7, na 7² = 49.
χ² = 49/21 + 49/21 + 49/19 + 49/19 = 2.33 + 2.33 + 2.58 + 2.58 = 9.82

Digrii za uhuru = (2 − 1)(2 − 1) = 1. Thamani ya jedwali katika 0.05 ni 3.84. Kwa kuwa 9.82 > 3.84, uhusiano upo.

Je, mistari inatosha kumtambua konokono? La. Aina B 14 kati ya 40 wana mistari, na aina A 12 kati ya 40 hawana. Ukitumia kanuni "mwenye mistari ni A", utakosea 14 + 12 = 26 kati ya 80, sawa na takriban 33 kati ya 100. Onyo la sehemu ya 2 linafanya kazi hapa pia.

9. Kuunganisha sifa nyingi: njia ya Fisher

Sifa moja ikishindwa, unganisha kadhaa. Tazama maua haya mawili kutoka data zilezile:

- Ua la kwanza: sepali 6.0 kwa 2.7, petali 5.1 kwa 1.6. Hili ni versicolor.
- Ua la pili: sepali 6.3 kwa 2.8, petali 5.1 kwa 1.5. Hili ni virginica.

Urefu wa petali ni uleule. Upana wa petali ungekupotosha, kwani virginica kwa kawaida ndiye mwenye petali pana, lakini hapa ana nyembamba zaidi.

Fisher alipendekeza kuunda alama moja kutoka vipimo vyote:

Z = aX₁ + bX₂ + cX₃ + dX₄

X ni vipimo vinne, na a, b, c, d ni vizidishi (d hii si ile ya kipimo cha utengano). Vizidishi vinachaguliwa ili wastani wa Z wa makundi uachane kadiri inavyowezekana, huku Z ndani ya kila kundi zikibaki karibu karibu. Njia hii huitwa uchanganuzi wa utofautishaji. Kwa mtihani wa sekondari hutakiwi kukokotoa vizidishi kwa mkono, bali kueleza wazo lake.

Katika data za airisi, vizidishi vya petali vina alama moja na vya sepali vina alama kinyume, yaani petali zikiwa chanya, sepali ni hasi. Maana yake ni nini? Ua linaweza kuwa na petali kubwa kwa sababu tu mmea wote umestawi. Sepali husaidia kusahihisha hilo: mlinganyo unauliza kama petali ni kubwa *ukilinganisha na sepali zake*. Ndiyo maana sifa iliyokuwa dhaifu peke yake, kama upana wa sepali, inaweza kuwa msaada ikiunganishwa na nyingine.

Njia hii ikitumika kwa maua yote 150, 147 hupewa jina sahihi na 3 hukosewa. Versicolor 2 huitwa virginica, na virginica 1 huitwa versicolor. Maua mawili uliyoyaona hapo juu ni miongoni mwa hayo matatu. Hata njia nzuri hubaki na makosa pale vipimo vinapoingiliana.

> KUMBUKA: Mlinganyo ukijaribiwa kwa maua yaleyale yaliyotumika kuutengeneza, ni sawa na mwanafunzi kujitahini kwa karatasi ambayo tayari ameona majibu yake. Tenga sehemu ya viumbe ambao hawakutumika kutengeneza mlinganyo, kisha uujaribu kwa hao.

10. Kama majina hayajulikani

Njia zote zilizotangulia zinahitaji ujue tangu mwanzo kila kiumbe ni wa kundi gani. Ikiwa hujui, tumia njia za kutafuta makundi ndani ya data, kama uchanganuzi wa vijenzi vikuu, ambao hufupisha vipimo vingi kuwa mihimili michache ya kuchora kwenye grafu. Nukta zikijikusanya katika mafungu mawili, hiyo ni dalili ya kuchunguza zaidi. Bado si uthibitisho, kwa sababu mafungu mawili yanaweza kuwa madume na majike, au wachanga na wakubwa.

Epuka pia kuzunguka duara. Ukigawa samaki katika "warefu" na "wafupi", kisha ukafanya jaribio la t la urefu, lazima upate tofauti, kwa kuwa wewe mwenyewe ndiye uliyeitengeneza. Makundi yatambuliwe kwa ushahidi mwingine, kama uzazi au DNA, ndipo maumbile yapimwe.

11. Sampuli inaweza kudanganya

Anderson alikusanya setosa na versicolor katika rasi ya Gaspé, Kanada, kwenye malisho yaleyale na siku ileile, na mtu mmoja akayapima kwa kifaa kilekile. Kwa hiyo tofauti kati ya spishi hizo mbili haiwezi kulaumiwa kwa udongo, hali ya hewa au mpimaji. Virginica haikutoka mahali hapo, na Fisher mwenyewe aliliona hilo. Tofauti yake na nyingine inaweza kuchanganyika na tofauti ya mazingira.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha hakikisha kwamba:
- viumbe ni wa jinsia moja na umri unaokaribiana;
- wametoka mazingira yanayofanana, au mazingira yamerekodiwa;
- wamechaguliwa kwa nasibu, si wale wazuri au wakubwa tu;
- mpimaji na kifaa ni walewale.

12. Pale maumbile yanaposhindwa: mbu wa malaria

Katika Afrika Mashariki, mbu wanaoeneza malaria ni wa jenasi *Anopheles*. Baadhi hutofautishwa kwa macho kwa kutumia hadubini. *Anopheles funestus* ana miguu myeusi, na mbu wa kundi la *Anopheles gambiae* wana miguu yenye vidoadoa. Hiyo ni sifa ya makundi yenye pengo, na ufunguo wa utambuzi unatosha.

Lakini kundi la *Anopheles gambiae* si spishi moja. Ndani yake wamo *Anopheles gambiae* mwenyewe, *Anopheles arabiensis*, *Anopheles merus* anayezaliana katika maji ya chumvichumvi ya pwani, na wengine. Majike wa gambiae na arabiensis hufanana kiasi kwamba hawawezi kutenganishwa kwa uhakika kwa kuwatazama. Vipimo kama urefu wa bawa navyo hubadilika kulingana na chakula na joto alilopata mbu akiwa lava. Spishi hizi zilitambuliwa katika miaka ya 1960 kwa majaribio ya kuzalisha, ambapo chotara wa kiume walikuwa tasa. Mwaka 1993 ilichapishwa njia ya PCR inayozitenganisha kwa DNA.

Kwa nini tujali? Kwa sababu tabia zao hazifanani. Gambiae hupendelea sana damu ya binadamu, na huuma na kupumzika ndani ya nyumba. Arabiensis huuma binadamu na pia ng'ombe, na mara nyingi huuma au kupumzika nje. Chandarua chenye dawa na dawa ya kupuliza ukutani humkabili zaidi yule anayeingia ndani. Katika maeneo kadhaa ya Kenya na Tanzania, baada ya vyandarua kuenea, uwiano wa gambiae ulipungua na wa arabiensis ukaongezeka. Mtu anayehesabu mbu wote kama "gambiae" hawezi kuliona badiliko hilo. Anaweza kuendelea kuelekeza nguvu zote ndani ya nyumba wakati mbu waliobaki wanauma nje.

Hapa hakuna jaribio la t litakalosaidia. Ikiwa sifa ulizopima hazina tofauti ya kutosha, takwimu haziwezi kuiumba. Jibu sahihi katika hali hiyo ni kubadili aina ya ushahidi, na kwa mbu hawa ushahidi huo ni DNA.

13. Muhtasari wa hatua

1. Andika swali: ni la makundi au la utambuzi?
2. Tambua aina ya data.
3. Chora grafu na utafute pengo. Likiwepo, tumia ufunguo wa utambuzi.
4. Pasipo na pengo, chagua jaribio: kai mraba, t, Mann-Whitney au uchanganuzi wa varians.
5. Kwa utambuzi, kokotoa d na kadirio la makosa.
6. Makosa yakiwa mengi, unganisha sifa kwa uchanganuzi wa utofautishaji, na uujaribu kwa viumbe wapya.
7. Makosa yakibaki mengi, tafuta ushahidi mwingine: DNA, uzazi, sauti au tabia.

14. Makosa ya kawaida ya watahiniwa

- Kuandika "spishi ni tofauti" badala ya "wastani wa sifa hii unatofautiana".
- Kutumia asilimia katika kai mraba badala ya idadi halisi.
- Kuchanganya madume na majike katika sampuli moja.
- Kusahau kutaja digrii za uhuru na kiwango cha 0.05.
- Kudai kwamba kutoikataa nadharia tete kunathibitisha kuwa spishi ni moja. Huenda sampuli ilikuwa ndogo tu.

15. Maswali ya kujipima

1. Makundi mawili ya samaki yana urefu wa wastani wa sm 8.2 na sm 8.6. Kila kundi lina samaki 100 na mkengeuko sanifu 0.5.
 (a) Kokotoa t.
 (b) Kokotoa d.
 (c) Je, urefu unafaa kutumika katika ufunguo wa utambuzi? Toa sababu.
2. Taja njia inayofaa: (a) rangi ya ua katika spishi mbili, (b) urefu wa bawa katika spishi nne, (c) idadi ya miiba katika sampuli mbili za samaki 7 kila moja.
3. Kwa nini urefu wa bawa haufai kutenganisha *An. gambiae* na *An. arabiensis*?

Majibu

1. (a) √(0.25/100 + 0.25/100) = 0.0707; t = 0.4 ÷ 0.0707 = 5.7. Wastani unatofautiana. (b) d = 0.4 ÷ 0.5 = 0.8. (c) Haufai. Kwa d = 0.8, takriban samaki 34 kati ya 100 wangepewa jina lisilo lao. Vipimo vinaingiliana sana.
2. (a) Kai mraba. (b) Uchanganuzi wa varians, kisha ulinganisho wa mawili mawili kwa kiwango kikali zaidi. (c) Jaribio la Mann-Whitney.
3. Spishi hizi zinafanana mno kwa maumbile, na urefu wa bawa hubadilika kwa chakula na joto la mahali lava alipokulia. Kwa hiyo vipimo vya spishi hizi huingiliana; PCR ndiyo inayotumika.